Shimo Linapoyakuta Maji

Ombi la kuchimba kokoto au mchanga likifika kwa afisa wa mazingira, kurasa zake za mwanzo huwa na hesabu za aina moja: tani ngapi zitatoka kwa mwaka, malori mangapi yatapita kwa siku, vijana wangapi watapata ajira, mrabaha kiasi gani utaingia serikalini. Wakazi nao hujibu kwa hesabu zao: vumbi, kelele, barabara kukatika, watoto kuacha shule wakapakie malori. Mvutano huo huweza kuchukua miezi bila mtu kuuliza swali linalopaswa kutangulia mengine yote: sakafu ya shimo hilo itakuwa mita ngapi juu, au chini, ya maji yaliyomo ardhini?

Haja ya kuchimba si ya kubuni. Kati ya asilimia 60 na 75 ya ujazo wa zege ni mchanga na kokoto. Saruji na maji kazi yake ni kuvishikanisha. Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa, UNEP, katika ripoti yake ya Aprili 2022, lilikadiria kuwa dunia hutumia tani bilioni 50 za mchanga, kokoto na mawe yaliyopondwa kila mwaka. Ukiacha maji, hakuna rasilimali nyingine ambayo binadamu huitumia kwa wingi kama hiyo. Mchanga wa jangwani haufai sana, kwa kuwa upepo umezisugua chembe zake hadi zikawa duara na laini, na zege lake halishikani vizuri. Wajenzi hutafuta mchanga wa mito, mabonde na kingo za maziwa. Tatizo linaanzia hapo, kwani pale maji yalipoutua mchanga mzuri ndipo yanapokaa hadi leo.

Ghala chini ya mto mkavu

Ukambani, kusini mashariki mwa Kenya, mito mingi huonekana na maji kwa siku au wiki chache tu katika mwaka. Masika ya Machi hadi Mei na vuli ya Oktoba hadi Desemba zikinyesha, Thwake, Kaiti, Muooni na mingineyo hushuka kwa kishindo. Baada ya muda mfupi mgeni anayepita darajani huona uwanja mpana wa mchanga uliokauka. Mwenyeji anajua zaidi. Hufukua kwa jembe na kata, na maji hujikusanya ndani ya shimo, tena safi kuliko ya bwawa la wazi kwa sababu mchanga umekwisha kuyachuja.

Maji hayo hukaa katika nafasi zilizo kati ya chembe. Mita moja ya ujazo ya mchanga mkubwa uliolowa huweza kutoa robo hadi theluthi ya ujazo wake, yaani lita 250 hadi 330 hivi. Mchanga laini hutoa pungufu ya hapo, na matope hushikilia maji yake karibu yote. Zaidi ya kuyahifadhi maji, mchanga huyakinga na jua. Vipimo vya Hellwig kwenye mto Swakop, Namibia, vilivyochapishwa mwaka 1973, vilionyesha kuwa maji yakiwa sentimita 60 chini ya uso wa mchanga, kinachopotea kwa uvukizi ni kama sehemu moja ya kumi ya kinachopotea kwenye maji yaliyo wazi. Katika nchi yenye jua la Makueni, huko huko Ukambani, tofauti hiyo inaweza kuamua iwapo ng'ombe watafika mvua ijayo.

Watu wa eneo hilo wameugeuza ujuzi huo kuwa uhandisi. Mabwawa ya mchanga, yaani kuta za zege zinazokatiza mto wa msimu ili mchanga ujae nyuma yake, yalianza kujengwa Ukambani enzi za ukoloni, miaka ya 1950. Yalipata nguvu mpya mwaka 1978, Joshua Mukusya na wanakijiji wenzake wa Machakos walipoanza kuyajenga kwa vikundi vya kujitolea. Kule Kitui, taasisi ya SASOL na wanavijiji wamejenga mamia tangu miaka ya 1990. Katika kazi yote hiyo, mchanga ndio mtaji. Ukuta upo ili kuuzuia usiondoke.

Tipa ya mita 10 za ujazo ikipakia mchanga wa namna hiyo, huondoka na nafasi ya kuhifadhi maji isiyopungua lita 2,500. Punda anayebeba madumu manne ya lita 20 angehitaji safari zaidi ya 30 kuleta maji hayo nyumbani. Na nafasi hiyo ilikuwa ikijazwa upya kila msimu wa mvua, mara mbili kwa mwaka, bila mtu kulipia.

Wachimbaji wana jibu lao: mto utaleta mchanga mwingine. Jibu hilo lina ukweli, ila lina masharti. Mafuriko huleta mchanga kutoka milimani, na kiasi kinacholetwa kila msimu kinaweza kupimwa. Kuchukua pungufu ya kiasi hicho ni kuvuna, kama linavyosema neno linalotumika nchini Kenya. Kuchukua zaidi ni kula akiba, na mto hauvumilii hilo kimya kimya.

Mto unapozama

Maji yaendayo kasi yana nguvu ya kubeba mzigo fulani wa mchanga. Yakifika kwenye shimo kubwa lililochimbwa katikati ya mto, hupoteza kasi na kutua mzigo wao humo. Yanatoka upande wa chini mepesi, na nguvu iliyobaki huitumia kula sakafu na kingo. Upande wa juu nako ukingo wa shimo hubomoka na kurudi nyuma, hatua kwa hatua, hata kwenye mashamba ya watu ambao hawajauza ndoo moja ya mchanga.

Kwenye Russian River, kaskazini mwa California, uchimbaji wa kokoto ndani ya mto katika miaka ya 1950 na 1960 ulishusha sakafu yake kwa mita 3 hadi 6, katika urefu wa kilomita 11 karibu na mji wa Healdsburg. Mtaalamu wa mito G. Mathias Kondolf alilieleza hilo katika makala ya mwaka 1997 ambayo bado inasomwa na wahandisi wengi. Mto ukishuka hivyo, maji ya ardhini kandokando yake hushuka nayo, maana mto ndio mfereji yanakoelekea. Tuseme kuna kisima cha mita 8 shambani, chenye maji kuanzia mita ya 5. Mto jirani ukishuka mita 4, kisima hicho huweza kukauka ingawa hakuna lori lililokikaribia, na mwenye kisima atakuwa na kazi ngumu kuthibitisha nani amemkausha.

Makueni ililijua hilo kwa gharama. Ujenzi wa Nairobi na miji inayoizunguka ulipopamba moto, mchanga wa mito yake ukawa fedha taslimu, na mahali pengine mkondo ulikombwa hadi mwamba ukatokeza. Mwamba mtupu hauhifadhi kitu. Mafuriko hupita juu yake yakaenda zake hadi Athi na baharini. Ugomvi kati ya wanaotaka maji na wanaouza mchanga ulimwaga damu, na miongoni mwa waliouawa ni afisa wa polisi aliyepinga biashara hiyo, mwaka 2011. Mwaka 2015, gavana akiwa Kivutha Kibwana, kaunti ilipitisha sheria yake ya kuhifadhi na kusimamia matumizi ya mchanga. Sheria hiyo iliunda mamlaka maalumu, ikataka mchanga uvunwe kwenye maeneo yaliyotengwa tu, na ikaufungia matumizi ya ndani ya kaunti.

Uamuzi huo wa mwisho ndio uliokuwa na makali. Kwa kumwondoa mnunuzi wa Nairobi, kaunti ilipunguza mahitaji hadi kiwango ambacho mito yenyewe inaweza kukifidia. Lakini mahitaji yakizuiwa mahali pamoja hutafuta njia nyingine, na malori yanayopakia usiku yamebaki kuwa kazi ya kudumu ya maafisa wa mamlaka hiyo.

Machimbo ya nchi kavu

Kokoto inayochimbwa mbali na mto, kwenye tambarare na vilima vya changarawe, ina mantiki tofauti. Hakuna mafuriko yatakayoijaza tena. Athari yake kwa maji hutegemea kwa kiasi kikubwa mahali sakafu ya shimo inapoishia, na kuna hali tatu.

Hali ya kwanza ni sakafu kubaki juu ya maji. Hii ndiyo nafuu kuliko zote, ingawa haiji bila hasara. Udongo na changarawe iliyoondolewa ilikuwa ikichuja vijidudu, ikishika kemikali na kuchelewesha kila kinachozama kutoka juu. Tabaka hilo likipungua kutoka mita 15 hadi 2, dizeli iliyomwagika kwenye kituo cha kujazia mitambo hufika kwenye maji kabla mtu hajapata muda wa kuizuia. Hatari kubwa zaidi mara nyingi huja baada ya mchimbaji kuondoka. Shimo lisilo na mwenyewe hugeuka dampo, na taka zake zinakuwa jirani wa karibu wa maji ya kunywa.

Katika hali ya pili shimo huyapita maji na kuwa ziwa. Maji yaliyokuwa yamefunikwa sasa yanalitazama jua. Kwenye nyanda kame za Afrika Mashariki, uvukizi wa mita 2 kwa mwaka kwenye maji ya wazi ni jambo la kawaida. Ziwa la hekta moja hupoteza hivyo lita milioni 20 kwa mwaka; ukitoa mvua ya milimita 600 inayoangukia ndani yake, bado lita milioni 14 zitakuwa zimevutwa kutoka kwenye tabaka la maji linalolizunguka. Kuna pia jambo lingine lisiloonekana kirahisi. Maji ya ardhini yana mteremko, yanakwenda taratibu kutoka juu kwenda chini, ilhali uso wa ziwa ni bapa. Ziwa likikatiza mteremko huo, visima vya upande wa juu hushuka na ardhi ya upande wa chini hulowa. Jirani wa juu atalalamikia ukame, wa chini atalalamikia mihogo kuoza, na wote wawili watakuwa wanasema kweli.

Hali ya tatu ni shimo kushuka chini ya maji huku pampu zikifanya kazi usiku na mchana ili mitambo isizame. Pampu hizo huvuta maji kutoka pande zote, na usawa wake huzama kwa umbo la faneli ambalo kitovu chake ni shimo na ukingo wake huweza kufika mbali nje ya mipaka ya leseni. Chemchemi na ardhioevu ndogo hukauka kwanza, kisha visima vifupi, ambavyo kwa kawaida ni vya watu wasio na uwezo wa kuchimba virefu. Maji yaliyotumika kuosha kokoto nayo hubeba vumbi laini ambalo likirudishwa shimoni huziba vinyweleo vya kingo zake.

Ombi la leseni lenye tani na hekta pekee haliwezi kumwambia msomaji ni ipi kati ya hali hizi tatu inayokuja. Tani zile zile laki moja zinaweza kutoka kwenye shimo pana na fupi lisilogusa maji, au kwenye shimo jembamba na refu lenye pampu nne.

Visiwa viwili

Visiwani swali hili huwa kali zaidi, kwa kuwa hakuna bonde la jirani la kuazima maji. Zanzibar ilikuwa na watu 1,889,773 katika sensa ya 2022, na maji yao kwa sehemu kubwa sana hutoka ardhini, kupitia visima na chemchemi. Maji hayo matamu yameelea juu ya maji ya chumvi ndani ya mwamba wa matumbawe wenye vinyweleo. Kanuni iliyogunduliwa kila mmoja kwa wakati wake na Mholanzi Badon Ghyben na Mjerumani Herzberg, karne ya 19 ilipokuwa inaishia na ya 20 kuanza, inasema kuwa kwa kila mita moja ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari, kuna takriban mita 40 chini yake. Kwa hesabu hiyo, usawa ukishuka nusu mita tu, chumvi huweza kupanda mita 20. Hali halisi ina mikunjo mingi kuliko kanuni, lakini mwelekeo ni huo.

Mchanga wa kujengea wa Unguja hutoka kwenye mashimo ya nchi kavu, mengi yakiwa kaskazini, katika maeneo kama Pangatupu na Chechele. Tofauti na mchanga wa Thwake, huu hauna mafuriko ya kuurudisha. Kila nyumba na hoteli inayopanda huacha mahali fulani kipande cha shamba kilichopoteza udongo wake na kifuniko cha maji yake. Ndiyo maana serikali ya visiwa hivyo imeuweka uchimbaji na uuzaji wa mchanga chini ya udhibiti wake, na bei ya shehena moja ni habari ya siasa.

Kisiwa cha pili kiko mbali. Maury ni kisiwa kidogo katika Puget Sound, jimbo la Washington nchini Marekani, kilichoungana na kisiwa cha Vashon kwa kipande chembamba cha nchi. Mwaka 1994 mamlaka ya mazingira ya nchi hiyo ilitambua rasmi kuwa maji ya ardhini ya visiwa hivyo ndiyo chanzo pekee cha maji ya kunywa ya wakazi. Miaka michache baadaye kampuni ya Glacier Northwest, iliyokuwa na machimbo madogo ya kokoto hapo, ilipendekeza kuyapanua hadi yaweze kutoa tani milioni 7.5 kwa mwaka, zikisafirishwa kwa matishari.

Upinzani ulisimama juu ya mambo matatu. La kwanza lilikuwa maji yenyewe. La pili lilikuwa udongo wa juu, uliokuwa na arseniki iliyorushwa kwa miongo mingi na moshi wa kiwanda cha kuyeyushia shaba cha ASARCO kilichokuwa ng'ambo, karibu na Tacoma. Kuufukua kulimaanisha kuamsha sumu iliyokuwa imetulia. La tatu lilikuwa gati la kupakilia matishari, ambalo lingekaa juu ya ufuo wenye nyasi bahari. Humo huzaliana samaki wadogo aina ya heringi, heringi huliwa na samoni aina ya Chinook, na Chinook ndiye chakula kikuu cha nyangumi wa aina ya orca wanaoishi katika maji hayo, waliotangazwa kuwa hatarini kutoweka mwaka 2005.

Kesi ilizunguka kwa zaidi ya muongo. Agosti 2009 jaji wa shirikisho Ricardo Martinez alisimamisha ujenzi wa gati, akisema kikosi cha wahandisi wa jeshi kilichotoa kibali hakikuwa kimefanya tathmini kamili ya athari. Desemba 2010 kaunti ya King ililinunua eneo lote kwa dola milioni 36, na leo ni hifadhi. Wapinzani waliuita ununuzi huo ushindi. Kwa mlipa kodi, hata hivyo, kiasi hicho kinaonyesha jinsi inavyogharimu kuuliza swali la msingi miaka kumi baada ya ombi kuwasilishwa.

Wanaokunywa bila kisima

Makazi ya viumbe huwa sura ya mwisho katika ripoti nyingi za tathmini: orodha ya ndege na miti, na sentensi kuwa hakuna spishi adimu iliyoonekana. Orodha hiyo hupoteza uhusiano wenyewe. Mto Ruaha Mkuu, katikati ya Tanzania, umekuwa ukikatika kila kiangazi tangu miaka ya 1990, hasa kwa sababu ya maji yanayotumika kwenye umwagiliaji huko juu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha jinsi wanyama wa Hifadhi ya Ruaha, wakiwemo tembo, nyani na pundamilia, wanavyofukua visima ndani ya mchanga wa mto uliokauka. Hufanya hivyo pia pale maji ya madimbwi yaliyobaki yanapochafuka kwa vijidudu. Mchanga wa mto mkavu kwao ni kisima na chujio, kama ulivyo kwa mama wa Makueni.

Miti ya kingoni, mikuyu na migunga, hutegemea maji hayo hayo kwa mizizi. Usawa ukishuka polepole, mizizi huufuata. Ukishuka mita kadhaa katika misimu michache, miti mizima hufa ikiwa imesimama, na mizizi iliyokuwa ikizuia kingo zisibomoke huondoka nayo. Keremkerem na midiria wanaotoboa viota kwenye kingo za udongo huporomokewa na vyumba vyao.

Lwera, kwenye barabara ya Kampala kwenda Masaka nchini Uganda, inaonyesha upande wa ardhioevu. Eneo hilo la kandokando ya Ziwa Victoria lina mchanga mweupe unaopendwa na wajenzi wa Kampala, na kwa miaka mingi mitambo ya kunyonya mchanga imeacha vidimbwi virefu mahali palipokuwa na mafunjo na nyasi. Mafunjo yalikuwa yakichuja maji yanayoingia ziwani na kuwapa samaki wadogo mahali pa kukulia. Kwa muda mrefu sheria haikuwa na mkono imara, kwa kuwa katiba ya Uganda ya 1995 haihesabu mchanga, udongo wa mfinyanzi na mawe ya kujengea kuwa madini. Sheria mpya ya madini ya 2022 ndiyo iliyoingiza vifaa vya ujenzi vya kibiashara katika mfumo wake. Mei 2023 mafuriko yalipoibomoa barabara hiyo kuu kwenye daraja la Katonga, mjadala wa nchi ulirudi haraka kwenye uchimbaji wa mchanga na mashamba ya mpunga yaliyoingia ndani ya ardhioevu.

Machimbo yanapotenda mema

Ingekuwa rahisi kuishia kwa kusema machimbo yote yafungwe, lakini ushahidi haukubali. Attenborough, karibu na Nottingham nchini Uingereza, ni mashimo ya kokoto yaliyochimbwa kuanzia mwaka 1929, yakajaa maji, na mwaka 1966 yakafunguliwa kuwa hifadhi ya ndege. Katika nchi hiyo mbayuwayu wa kingoni huzaa kwenye kuta za machimbo yanayofanya kazi. Ila Uingereza ina mvua nyingi na jua hafifu; ziwa la kokoto huko halipotezi mita 2 kwa mwaka.

Mfano wa karibu uko Mombasa. Kiwanda cha saruji cha Bamburi kilianza uzalishaji mwaka 1954 kwa kuchimba matumbawe ya kale, kikaacha uwanja wa mwamba mweupe usio na udongo. Mwaka 1971 Mswisi René Haller alianza kuupanda miti. Kati ya spishi 26 alizojaribu, ni tatu tu zilizofaulu, na mvinje ndio uliotangulia. Majani yake magumu hayakuoza hadi alipoleta majongoo wayatafune. Kinyesi chao kikawa mwanzo wa udongo. Leo ni Haller Park, yenye msitu, mabwawa ya samaki na viboko. Sakafu ya machimbo hayo iliachwa juu kidogo tu ya maji ya chumvi, na mizizi ya mvinje ikayafikia na kuyavumilia. Pengo hilo dogo lilitosha kuwa na nchi kavu ya kupandia. Machimbo yangeshuka zaidi, Haller angerithi ziwa la maji ya chumvi.

Kuna pia mahali ambapo mchanga umezidi. Mto Msimbazi hushusha mashapo kutoka vilima vya Pugu na Kisarawe hadi Jangwani, katikati ya Dar es Salaam, na kuupandisha mkondo wake hadi maji yanapata njia barabarani. Kuyatoa mashapo hapo ni sehemu ya mpango wa kuokoa mji. Mchanga wa Jangwani na wa Thwake unaweza kufanana kwenye tipa, lakini mmoja umezidi mahali pake na mwingine ni akiba ya mahali pake.

Sheria hupima kutoka wapi?

Sheria za eneo hili si chache. Kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya Tanzania ya mwaka 2004 hukataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka kwenye mito, maziwa na fukwe. Miongozo ya Kenya ya uvunaji wa mchanga ya 2007 haitaki uchimbaji upite kina cha futi 6. Katiba ya Kenya ya 2010 inaagiza umma ushirikishwe katika usimamizi wa mazingira.

Ukiviangalia vipimo hivyo kwa karibu, vyote vinaanzia juu ya ardhi. Mita 60 hupimwa mlalo kutoka ukingoni, ingawa faneli ya pampu inaweza kupita mbali zaidi ya hapo. Futi 6 hupimwa kutoka usoni pa mchanga, iwe mchanga una kina cha mita 10 au mita 2 juu ya mwamba. Kwenye mkondo wa mita 2, futi 6 ni karibu mchanga wote, na mchimbaji aliyeumaliza atakuwa ametii mwongozo. Mpaka unaofaa ungeanzia chini: mita kadhaa juu ya usawa wa juu kabisa wa maji kwa machimbo ya nchi kavu, na unene fulani wa mchanga juu ya mwamba kwa mito, pamoja na kiasi cha mwaka kisichozidi kile ambacho mafuriko yamerudisha.

Mpaka wa namna hiyo hauwezi kuwekwa bila vipimo vilivyotangulia. Usawa wa maji hupanda na kushuka kwa misimu, kwa hiyo mtaalamu anayefika mara moja, tena wakati wa kiangazi, atarudi na picha yenye matumaini kuliko ukweli. Mwaka mzima wa kupima kwenye visima vichache vya uangalizi, kabla ya leseni, hutoa vitu viwili. Kwanza, unaeleza ni ipi kati ya zile hali tatu inayopendekezwa. Pili, unaweka rekodi ambayo mwenye kisima kikavu anaweza kwenda nayo barazani, na ambayo mchimbaji asiye na hatia naye anaweza kujitetea nayo. Usawa wa kusimamishia kazi ukiandikwa ndani ya leseni, hakuna anayelazimika kusubiri kesi: maji yakifika hapo, pampu huzimwa.

Linalobaki ni nani alipe. Visima vya uangalizi na mwaka wa kusubiri vitaongeza gharama ya kila tipa, na muombaji ataipeleka kwa mnunuzi. Hilo halina ubaya wowote. Mchanga unaopatikana kwa kusaga mawe magumu, kutoka machimbo yaliyo mbali na matabaka ya maji, hushindwa sokoni hasa kwa sababu mchanga wa mto huuzwa kwa bei ya kuupakia na kuusafirisha tu. Mnunuzi wa Nairobi, Kampala au Dar es Salaam hajawahi kuonyeshwa kwenye risiti zile lita 2,500 kwa tipa, na kaunti au wilaya inayotoa kibali bila kuzipima inamlipia yeye sehemu hiyo ya nyumba yake.